Mgeni Hugawa, Jirani Hurudi: Mwongozo kwa Vikundi vya Huduma vya Makanisa ya Kilibula

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Mto Mulongwe ulishuka mjini ukibeba mawe, miti na kuta za nyumba za watu. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika, hata waliookoka mafuriko wakabaki na maji ya Ziwa Tanganyika. Tangu hapo ziwa lenyewe limepanda na kuingia katika nyumba za ukingoni. Tena, Desemba 2025 vita vikaingia mjini, na maelfu wakavuka kwenda Burundi na mizigo kichwani.

Kila mara, msaada wa kwanza hutoka mlango wa pili: sufuria ya bugali, kikwembe cha kujifunika, kona ya kulaza watoto. Magari yenye nembo huja baadaye, hugawa, huondoka. Jirani hubaki. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kikundi kidogo cha kanisa katika kata kama Kilibula, iliyokaa kati ya mlima na ziwa. Kikundi hicho kinaweza kurudi wiki ya pili, ya tatu na ya kumi kwenye mlango ule ule, na kuuliza yale maharagwe yalitosha siku ngapi, na yule mtoto aliyekuwa anahara anaendeleaje.

Makala haya ni kwa ajili ya kikundi cha namna hiyo: watu kumi au ishirini, daftari, bidoni chache, na labda rafiki wa mbali anayetuma dola mia mbili au tatu. Mambo mengi yaliyoandikwa humu hayahitaji fedha. Yanahitaji utaratibu na uaminifu.

Kabla ya kugawa, jitambulisheni

Kikundi kisichojulikana huleta mashaka hata kikibeba mchele. Anzeni na kanisa lenu wenyewe. Kama mko chini ya CEPAC, CELPA, Wamethodisti Huru, Waanglikana au jumuiya nyingine ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ombeni kutambuliwa kwa barua kama kikundi cha huduma cha parokia. Kwa Wakatoliki, mlango ni parokia na Caritas ya Jimbo la Uvira. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: majina ya viongozi, kazi mnayofanya, mahali mnapofanyia, na muhuri.

Wapo wanaotamani kuwa shirika lenye hati zake lenyewe. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida katika nchi yetu. Inadai katiba iliyoandikwa, orodha ya wanachama na majina ya wanaobeba uongozi. Utu wa kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, baada ya wizara inayohusika na kazi yenu kutoa maoni mazuri. Na maoni hayo huwa ruhusa ya muda ya kufanya kazi. Ni safari ndefu na ina gharama. Msiianze kwa sababu tu rafiki wa nje ameomba karatasi. Fanyeni kazi mwaka mmoja au miwili chini ya kanisa, mjifunze kuweka hesabu, ndipo mwone kama mnahitaji hatua hiyo.

Ndani ya kata, wapo wanne wa kuwaona kabla ya kitu chochote. Wa kwanza ni shefu wa kata, pamoja na mashefu wa avenyu mnazotaka kufika. Wa pili ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha eneo lenu. Wa tatu ni ofisi ya mambo ya jamii. Wa nne ni Msalaba Mwekundu, ambao mara nyingi huwa tayari wameandika waliohama na waliopoteza nyumba. Waulizeni wote swali moja: nani ameshafika hapa, na nani bado? Swali hilo peke yake huzuia avenyu moja kupata mablanketi mara tatu huku nyingine ikikaa mikono mitupu.

Orodha ndiyo huduma yenyewe

Kanisa la kwanza lilipata ugomvi wake mkubwa juu ya orodha. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakazuka kati ya makundi mawili ya lugha. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, hao wakapewa kazi hiyo, na majina ya hao saba yanaonyesha kwamba upande uliolalamika ulipewa nafasi. Asomaye sura hiyo akiwa Uvira hahitaji kuelezewa. Hapa kwetu Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi na Kishi vinasikika katika avenyu moja, na orodha yenye majina ya ukoo mmoja inaweza kuleta moto ambao maji ya ziwa hayatauzima.

Basi orodha isiandikwe na mtu mmoja, wala isiandikwe ofisini. Chagueni kamati ndogo yenye wanawake na wanaume, vijana na wazee, na angalau watu wawili wasio wa kanisa lenu. Kubalianeni kwanza juu ya vigezo, kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Kwa mfano: nyumba iliyobomoka, mjane au mzee anayelea wajukuu, mgonjwa wa muda mrefu, mlemavu, familia inayowahifadhi waliohama. Ndipo mpite nyumba kwa nyumba.

Mnapopita, watafuteni hasa wasioonekana. Mpangaji wa chumba cha nyuma hasahauliwi kwa ubaya. Husahauliwa kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyejibu mlangoni. Koko asiyeweza kutembea haji kwenye mkutano. Mtoto anayeongoza nyumba huogopa kusema kwamba wazazi hawapo. Familia iliyopokea watu saba inaonekana ina nyumba nzuri, lakini chungu chake kimekwisha.

Orodha ikikamilika, isomwe mbele ya watu wa avenyu, na wapewe siku mbili au tatu za kusahihisha. Yapo majina ya kutosoma hadharani, kama ya walioteswa au wenye ugonjwa wa siri. Hayo yabaki na watu wawili tu, na msaada wao upelekwe kimya.

Jambo moja halina mjadala: anayehitaji apewe, awe mshirika wenu, Mwislamu, wa kanisa jirani, au asiye na kanisa. Kanuni za maadili zilizoandikwa mwaka 1994 na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika ya misaada, yakiwemo ya makanisa, zinasema msaada hutolewa kwa kipimo cha uhitaji, na usitumiwe kusukuma msimamo wa siasa wala wa dini. Hilo halizimi ushuhuda wa Kikristo. Ombeni pamoja na anayetaka kuombewa. Lakini mtu asisimamishwe juani asikilize mahubiri ndipo apewe sabuni, kwa sababu imani iliyonunuliwa kwa sabuni huisha na sabuni.

Siku ya kugawa

Tuseme mmepata magunia kumi ya maharagwe, kila moja kilo mia. Kwenye karatasi hizo ni kwa familia mia, kilo kumi kila moja. Kwa kweli gunia hupungua: lina mawe, linamwagika, na muuzaji hakupima vizuri. Pangeni familia 95, muache kilo 50 za kufidia upungufu na za kuwapa wale watakaogunduliwa kuwa walisahauliwa. Bila akiba hiyo, watu wa mwisho mstarini ndio watakaolipa makosa ya mizani.

Kama hamna mizani, mtatumia kopo la Guigoz kama sokoni. Hapo tazameni mkono wa anayepima. Kopo likifutwa juu kwa kijiti ni kipimo kimoja. Likiachwa na kilima ni kipimo kingine, na mstari mzima unaliona. Mama aliyepewa kopo la kufutwa nyuma ya jirani aliyepewa la kilima ataondoka akiamini ameibiwa, na atakuwa na haki. Mpimaji awe mmoja, kijiti kiwe kile kile, na kopo la kwanza lipimwe mbele ya watu wote, likihesabiwa kwa sauti.

Anzeni asubuhi, mmalize mapema, ili asiwepo mwanamke anayebeba mzigo gizani. Wazee, wajawazito na walemavu watangulie. Kila anayepokea aweke sahihi au kidole katika daftari mbele ya jina lake. Wekeni meza ya pembeni yenye mtu mpole wa kusikiliza malalamiko, naye ayaandike yote, hata yanayouma.

Kuhusu picha: ombeni ruhusa, na anayekataa asipoteze chochote. Mpige picha za mikono inayopima, magunia, mstari kwa mbali. Uso wa mtoto anayelia si risiti. Yesu alionya katika Mathayo sura ya 6 juu ya kupiga tarumbeta unapotoa sadaka. Simu zetu zimekuwa tarumbeta rahisi kuliko zote.

Maji na kipindupindu

Kando ya Tanganyika kipindupindu kimekuwa nasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Uvira ni mojawapo ya miji kinakorudi mara kwa mara. Sababu inajulikana na kila mama anayebeba bidoni: bomba likikauka, watu huteremka ziwani au mtoni. Kwa hiyo huduma ya maji ni sehemu ya kazi ya kanisa kama ilivyo kwaya.

Kipimo cha kimataifa cha wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, yaani karibu bidoni nne za lita ishirini. Hesabuni bidoni zinazoingia nyumbani mnapotembelea. Nyumba ya watu wanane yenye bidoni mbili kwa siku iko hatarini, hata kama sakafu imefagiliwa.

Mahali penye mlipuko, zone ya afya hufungua vituo vya kutia klorini ufukweni, na huko wahudumu wa makanisa wanafaa sana. Kazi yenyewe ni ndogo na inataka uvumilivu. Mama anafika na bidoni imejaa. Mhudumu anavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, anaitia ndani, anafunga kifuniko, anaipindua bidoni mara chache, anasema, "Yaya, subiri nusu saa kabla ya kunywa." Ndilo neno gumu kuliko yote, kwa sababu mtoto ana kiu sasa. Mhudumu anayelisema kila mara kwa upole, asubuhi hadi jioni, ameokoa watu asiowajua. Kipimo cha dawa msijipangie wenyewe: maji ya ziwa baada ya mvua si sawa na ya kiangazi, na wataalamu wa zone ndio wanaopima kwanza na kuwaambia kiasi.

Nyumbani, mwenye kuhara maji mengi aanze kunywa mara moja. Pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini ndiyo bora. Isipokuwepo, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikifutwa juu. Chumvi ikizidi inadhuru. Mtoto aendelee kunyonya, na anywe kidogo kidogo kila anapohara. Kunywa huku ni kwa njiani. Hakuchukui nafasi ya kituo cha afya. Mkiona macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa inarudi polepole, au mtu hawezi kunywa, tafuteni motari au machela saa ile ile. Kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima ndani ya saa chache.

Wachungaji na wazee wa kanisa wana kazi moja isiyoweza kufanywa na mwingine. Aliyekufa kwa kipindupindu asioshwe nyumbani, na chakula cha msiba kisipikwe na waliomgusa. Waiteni watu wa afya. Neno hilo likitoka kwa mchungaji, familia hulipokea. Likitoka kwa mgeni mwenye glavu, hulisikia kama tusi. Tuliona ukubwa wa jambo hili wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200: mahali ambapo wenyeji hawakushirikishwa, watu waliwaficha wagonjwa.

Wanaojitolea

Kujitolea hakumaanishi kufanya kazi bila mpango. Kila mmoja ajue kazi yake, siku zake, avenyu yake, na mtu anayemripotia. Msiwape watu wale wale kila kitu. Mama wa watoto sita anaweza asubuhi mbili kwa wiki, na hilo ni tele. Nauli na maji ya kunywa vilipwe na kikundi. Anayejitolea asitoe mfukoni kile ambacho nyumba yake haina.

Mashefu, wauguzi na mareko (wahudumu wa afya wa jamii) wa kituo cha afya wameshafundishwa mambo mengi. Ombeni wawafundishe na ninyi. Tembeleeni nyumba watu wawili wawili, mwanamke akiwemo, na angalau mmoja ajue lugha ya nyumba hiyo. Mnachosikia ndani ya nyumba kisifike kwenye kwaya wala sokoni.

Halafu lipo jambo ambalo makanisa hupenda kulinyamazia. Mtu anayeshika orodha anashika tumbo la wengine, na wapo wanaotumia nafasi hiyo kudai mwili wa mwanamke au wa msichana. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani waliofanya hivyo katika kazi ya Ebola, hapa hapa mashariki mwa Kongo. Basi kila anayejitolea atie sahihi ahadi ya ukurasa mmoja: msaada haununuliwi kwa mwili, kwa fedha wala kwa kazi, hakuna anayekaa peke yake na mtoto mahali pa siri, anayeona kosa anasema. Tangazeni siku ya kugawa, kwa sauti, kwamba vyote ni bure. Chagueni mama mmoja na baba mmoja wasio na undugu na viongozi, ambao mtu yeyote anaweza kuwapelekea malalamiko. Na aliyedhurika apelekwe hospitali haraka, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanza ndani ya saa 72.

Fedha na marafiki wa mbali

Katika makanisa yetu ya Kiprotestanti, mshirika ni yule anayeketi nawe kwenye Meza ya Bwana. Katika karatasi za miradi, mshirika ni yule anayetuma fedha. Ni neno moja, na tungefanya vizuri kulirudisha pamoja: anayetuma aketi mezani, na anayeketi mezani aone hesabu.

Historia ya hapa inafundisha. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika upande huu wa Tanganyika mwaka 1921, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa CEPAC. Miaka karibu themanini baadaye, mwaka 1999, Hospitali ya Panzi ilianzishwa Bukavu chini ya CEPAC na daktari Denis Mukwege, ambaye kabla yake alihudumu Lemera, katika teritwari ya Uvira, hadi hospitali hiyo iliposhambuliwa Oktoba 1996. Ushirika huo haukukatwa na vita. Uliharibiwa Lemera, ukaanza tena Bukavu, na mwaka 2018 daktari huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kikundi chenu hakitajenga Panzi, lakini mbegu ni ile ile: watu wa mbali na wa karibu waliokubali kukaa pamoja muda mrefu.

Mwambieni rafiki wa mbali ukweli tangu barua ya kwanza. Akitaka kutuma nguo kuukuu kwa meli, mwombeni afanye hesabu ya usafiri na ushuru, kisha alinganishe na bei ya vikwembe sokoni Uvira. Fedha inayonunua hapa humlisha pia muuzaji wa hapa. Akitaka kujenga kisima, mwulizeni nani atanunua kipuri mwaka wa nne. Akisema ana haraka, mwambieni kamati inahitaji wiki mbili za kupita nyumba kwa nyumba, na wiki hizo ni sehemu ya kazi.

Fedha zikifika kwa simu au kwa benki, watu wawili wazione siku hiyo hiyo. Andikeni kiasi kwa dola, kiwango cha kubadilisha cha siku ile, na kiasi kwa faranga. Ununuzi ufanywe na watu wawili, na muuzaji asiye na risiti aandike kwa mkono na kuweka sahihi. Mtume Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho sura ya 8, hakusafirisha michango ya makanisa peke yake. Aliweka watu walioaminika ili asilaumiwe na yeyote. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mweka hazina wetu asikasirike akiombwa daftari.

Hesabu hizo zisomwe kwanza kanisani na kwa shefu wa kata, kwa Kiswahili, ndipo zitumwe nje kwa Kifaransa au Kiingereza. Andikeni na yaliyoharibika: gunia lililolowa, familia iliyopata mara mbili. Rafiki anayepokea ripoti isiyo na kosa hata moja ana sababu ya kuogopa.

Siku ya kurudi

Wiki mbili baada ya kugawa, chukueni daftari mrudi kwenye nyumba kumi tu, mlizozichagua bila kupendelea. Msibebe kitu. Salimieni, kaeni kama mtakaribishwa, ulizeni maswali matatu: ulipokea nini, kilikusaidia siku ngapi, na nani hapa jirani alisahauliwa? Andikeni jibu mbele ya jina.

Itatokea mlangoni mwa mama fulani, aliyeweka kidole chake katika daftari siku ile, kwamba atatazama mikono yenu mitupu na kuuliza, "Leo mumeniletea nini?" Mwambieni ukweli: leo tumekuja kukuona. Huenda akanyamaza kidogo. Halafu ataingia ndani, atoe kiti, na aanze kuwaeleza habari za chumba cha nyuma, ambako mna mtu ambaye jina lake haliko katika orodha yenu.